Mashine ya Karata: Soma Kioo Kabla Hujatoa Mia Mbili Yako

Mbalamwezi ikishika, Kibirizi tunakaa bure. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa hawaijali taa, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, na mimi karani wa mwalo daftari langu linabaki jeupe. Hapo ndipo karata zinapotoka. Tunacheza kwa maharage, kwa sababu kuhusu kucheza kwa hela mke wangu alishasema neno lake mwaka wa kwanza wa ndoa na hajalibadilisha.

Mpwa wangu aliyehamia Dar es Salaam ndiye aliyenipigia simu usiku mmoja: "Mjomba, nimeona mashine ya poka. Hii siyo dubwi, ni karata, na karata umenifundisha wewe." Nikamwambia anisomee kwanza kilichoandikwa juu ya kioo. Akanisomea. Nikamwambia aondoke akale chipsi. Alipokuja likizo na treni nikamweka chini siku tatu, pakiti moja ya karata na bakuli la maharage katikati yetu. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza alikuwa na haki: siyo dubwi. Kwenye dubwi picha zinazunguka na wewe hujui humo ndani zimo ngapi za kila aina. Mashine ya poka ina pakiti ya karata 52, na 52 kila mtu anaweza kuzihesabu. Kule Nevada, Marekani, ambako michezo hii ilishika mizizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kanuni zinataka mashine inayoonyesha karata itoe kila karata kwa bahati ileile ya pakiti halisi. Huku kwetu tafuta leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ukutani kabla ya kutafuta kiti. Haipo, ondoka. Na aliye chini ya miaka 18 asisogee kabisa.

Mchezo wenyewe ni mfupi. Unaweka dau, unapewa karata tano. Unabonyeza zile unazotaka kubaki nazo, nyingine zinatupwa, unaletewa mpya kutoka kwenye 47 zilizobaki. Basi, mgao umekwisha. Hakuna mwenzako wa kumtisha wala wa kumsoma usoni. Mpwa wangu, bingwa wa kukunja uso, alisikitika sana kusikia hivyo.

Aina ya kuanzia ni ile inayolipa kuanzia jozi ya jeki. Kwa kila sarafu moja, jedwali zuri linasoma hivi: jozi ya jeki, kwini, kingi au ree inarudisha 1; jozi mbili, 2; tatu za sura moja, 3; streti, yaani karata tano za kufuatana, 4; flashi, yaani tano za alama moja, kopa tupu au shupaza tupu, 6; fulu hausi, yaani tatu za sura moja na jozi, 9; nne za sura moja, 25; streti flashi, 50. Juu kabisa inakaa royo flashi: kumi, jeki, kwini, kingi na ree, zote za alama moja.

Sasa weka kidole kwenye mistari miwili tu: fulu hausi na flashi. Hapo ndipo mwenye mashine anapokata, na wachezaji wengi hawaoni, kwa sababu macho yao yako kwenye royo. Jedwali la 9 na 6, ukicheza bila kosa hata moja, kwa muda mrefu sana linarudisha asilimia 99.54 ya madau yako. La 8 na 5 linarudisha 97.30. La 6 na 5 linarudisha 95. Kwa mtu wa mwalo asilimia haisemi kitu, kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu hesabu ya shilingi. Chukua migao 500 kwa dau la shilingi 1,000, jioni moja tu ya mtu mwenye vidole vyepesi. Umepitisha laki tano. Kwenye 9 na 6 wastani wa hasara ni 2,300. Kwenye 8 na 5 ni 13,500. Kwenye 6 na 5 ni 25,000. Karata zilezile, kiti kilekile. Mashine aliyonisomea kwenye simu ilikuwa 6 na 5.

Umeona pia kwamba hata 9 na 6 ni hasara. Nilitaka uone.

Kuna jambo la sarafu tano. Ukiweka sarafu moja hadi nne, royo hulipa 250 kwa kila sarafu. Ukiweka tano, hulipa 4,000, yaani 800 kwa kila moja. Kwa hiyo zile asilimia nilizotaja ni za anayeweka tano. Kama tano za mia mbili zinakuuma, tafuta mashine ya sarafu ndogo zaidi uweke tano za hiyo. Lakini usiisubiri royo kama mshahara: hutokea takriban mara moja katika migao 40,000. Karibu asilimia 2 ya yale marejesho imejificha humo, kwa hiyo jioni isiyo na royo, na karibu zote hazina, hata 9 na 6 inakula kama shilingi mbili na nusu katika kila mia.

Tuje kwenye kushika na kutupa, maana hapo ndipo tulipogombana.

Kosa la kwanza la mpwa wangu: akipata jozi ya sita na ree, anashika zote tatu. "Ree ni mkubwa, Mjomba, namwachaje?" Nikamhesabia. Ukishika jozi peke yake, unaletewa karata tatu, na bahati ya kupata angalau sita nyingine ni kama asilimia 12.5. Ukimng'ang'ania ree, unaletewa mbili tu, bahati inashuka hadi 8.4. Ree anakaa kama mgeni anayekula bila kulima. Mtupe.

La pili: alikuwa na kopa tano zisizofuatana, na nne kati yake zilikuwa jeki, kwini, kingi na ree. Flashi iko mkononi, inalipa 6. Aliishika, na mimi nikaivunja mbele ya macho yake. Karata moja kati ya 47 inaleta 800. Gawanya mwenyewe, ni 17 kabla hujahesabu flashi na streti na jozi zinazoweza kurudi. Nne za royo unazivunjia flashi, unazivunjia streti, unazivunjia jozi ya wakubwa, yaani jeki, kwini, kingi au ree. Huzivunjii streti flashi iliyokamilika.

Chini ya hapo, mpangilio ni huu. Jozi ya wakubwa inashinda karata nne za flashi, isipokuwa hizo nne zinaelekea streti flashi au royo. Karata nne za flashi zinashinda jozi ndogo, yaani ya kumi kushuka chini: zimebaki tisa za alama yako kati ya 47, mara 6, unapata zaidi ya sarafu moja. Jozi ndogo inarudisha wastani wa sarafu 0.82 kwa kila sarafu, na inashinda karata nne za streti iliyo wazi pande zote mbili, zenye 0.68. Upo mgao mmoja wa kukumbuka: kumi mbili, jeki, kwini na kingi. Hapo tupa kumi moja ufuate streti, kwa kuwa jozi ya wakubwa nayo inaweza kuja.

Streti yenye pengo katikati, kwa mfano nne, tano, saba, nane, ni mtego. Karata nne tu zinaiziba: wastani 0.34. Kutupa zote tano ni 0.36! Mpwa wangu alikataa kuamini mpaka nilipochora kwenye daftari la dagaa. Ila ukiwa na mkubwa mmoja, jeki au ree, katikati ya takataka, mshike huyo peke yake.

Mazoezi: weka maharage 100, kila mgao lipa moja, jilipe kwa jedwali la 9 na 6, na kila kosa la kushika liandikwe. Mara ya kwanza mpwa wangu alicheza migao 300 akabaki na maharage 71, makosa 41. Mara ya pili 94, makosa sita. Maharage usiyatazame sana, migao 300 ni michache na bahati inaweza kukudanganya huku au kule. Tazama makosa. Yakifika sifuri mara tatu mfululizo, ndipo ufikirie kukaa mbele ya kioo, na kiasi cha kupoteza kikiwa kimetengwa mfukoni mwake, siyo kwenye simu ambako nauli na kodi vinalala pamoja nacho.

Siku ya tatu hesabu zilianza kunikataa. Flashi za pau zilikuwa haba mno. Tukapekua pakiti, karata 51. Saba ya pau tuliikuta ndani ya kitabu cha binti yangu, ameifanya alama ya ukurasa, na maharage yote ya asubuhi ile tukarudia upya. Kwa hiyo kabla ya yote, toa zile karata za jokari, kisha hesabu: kumi na tatu za kopa, kumi na tatu za uru, kumi na tatu za shupaza, kumi na tatu za pau.