Gari ikichemsha usikimbilie kutoa themostati: mfumo wa maji wa Corolla ya zamani, kazi ya nyumbani

Wenye Corolla 110, Carina Ti na Toyota zingine za miaka ya 90 zenye injini ya 5A hii sentensi mnaijua, gari ikichemsha mara moja tu fundi anafungua boneti anakwambia "themostati ya nini kwenye nchi ya joto, tuitoe" (ni kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto). Inatolewa, inatupwa, gari inatembea wiki mbili vizuri mnashukuru. Mi yangu waliitoa bila hata kuniuliza. Nikaja kushtuka baadaye kwamba alfajiri nikitoka barabara haina foleni mshale wa temperecha hauinuki mpaka nafika kazini, na mafuta niliyokuwa naweka kwa wiki sasa hayamalizi siku tano, afu mwezi wa 12 tunapanda Kitonga kwenda Iringa, tuko nyuma ya malori mwendo wa kobe, gari ikachemsha vilevile kama zamani. Kumbe ugonjwa haukuwa themostati hata kidogo, ulikuwa mfuniko wa rejeta. Kitu kidogo vile, na familia nzima tumekaa pembeni ya mlima na watoto.

Tangu siku hiyo mfumo wa maji nashughulika nao mwenyewe nyumbani na nawaambia ukweli hauhitaji gereji. Inatosha spana namba 10, 12 na 14, plaizi, bisibisi, beseni, tochi na jumamosi moja ya kutulia.

Kwanza uelewe kwa nini hii kitu ni ya kuogopa. Bloki ya 5A ni chuma lakini silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloki, ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto inatanuka kuliko chuma. Ikichemka sana hedi inapinda, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloki inaachia, maji na oili vinaanza kutembeleana na hapo ndo unaanza kuuza vitu vya ndani. Kwa hiyo mshale ukipanda usijipe moyo eti "nyumbani si mbali".

Kazi yote ninayoelezea hapa inafanyika injini ikiwa ya baridi, mi nafanya asubuhi kabla gari haijawashwa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata kidogokidogo. Maji ya mle ndani yamebanwa na presha kwa hiyo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na hayachemki, ukifungua tu presha inaondoka yanalipuka kuwa mvuke palepale usoni kwako. Shika hosipaipu ya juu, kama bado ina joto au ni ngumu kuiminya, subiri.

Tuanze na huo mfuniko maana watu wengi wanauona kama kifuniko cha chupa tu. Una springi na raba mbili. Springi inabana maji yafikie presha fulani, namba imeandikwa juu yake, kwenye hizi gari mara nyingi ni 0.9, na ile presha ndo inafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Springi ikichoka maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye chupa ya riziva, ile ya plastiki ya maji ya akiba pembeni ya rejeta. Raba ndogo ya katikati kazi yake ni kuyaruhusu yarudi kwenye rejeta injini ikipoa. Ikiwa imekufa hayarudi. Dalili yake ni hii na uishike: chupa ya riziva imejaa mpaka inamwaga, ukifungua rejeta asubuhi unakuta imepungua. Ukiona hivyo anza na mfuniko kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kagua raba kama imepasuka au imekauka, ivute ile ndogo kwa kucha uone kama inafunguka na kurudi. Ukinunua mpya hakikisha namba ni ileile, usichukue yenye presha kubwa ukidhani ni bora zaidi, rejeta ya zamani itapasuka tanki la plastiki.

Likishapita hilo unatafuta panapovuja. Weka kadibodi safi chini ya gari usiku, asubuhi angalia. Kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, inaacha alama ya rangi, nyekundu au kijani, na ikikauka kwenye chuma inaacha ungaunga mweupe au wa pinki. Pitisha tochi kwenye hosipaipu ya juu na ya chini, kwenye zile ndogo za hita zinazoingia ukutani nyuma ya injini (hizi zinasahaulika sana), kwenye klipu zote, na kwenye mshono wa tanki la plastiki la rejeta. Plastiki ikishakuwa ya kahawia na kukwaruzika kama udongo mkavu, siku zake zimehesabika. Hosipaipu iminye, ikiwa laini kama utumbo au ukisikia inalia krach krach ndani, badilisha. Kufunga raba za tairi za baiskeli kwenye hosipaipu ni ya kukufikisha tu, isikae mwezi.

Wota pampu ya 5A inazungushwa na mkanda wa nje, uleule wa altaneta inayochaji betri, haizungushwi na taimingi belti, mkanda wa ndani wa injini. Maana yake mkanda ukilegea unaweza kuchemsha gari na pampu ni nzima kabisa. Na ukikatika njiani taa ya betri itawaka kwanza afu mshale unafuata kupanda, kwa hiyo hiyo taa ikiwaka usiseme ni mambo ya chaji utayaona mbele ya safari, paki. Pampu yenyewe ina kitundu kidogo chini ya shafti, kikianza kudondosha maji sili imekwisha, hakuna gundi ya kuziba pale.

Feni sasa. Hapa ndo nimeona hela nyingi zinapotea, mtu anauziwa rejeta nzima kumbe feni haizunguki. Dalili ni kwamba gari inachemsha kwenye foleni tu, ukitoka ukakimbia mshale unashuka, kwa sababu ukikimbia upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Kwenye Corolla nyingi za miaka hiyo swichi ya feni imetengenezwa kinyume na unavyodhani: ikiwa ya baridi inapitisha umeme na feni inalala, ikipata moto inakata na feni ndo inazunguka. Wajapani walifanya hivyo ili waya ukikatika feni izunguke muda wote badala ya kulala. Kwa hiyo kuipima ni rahisi sana, washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, chomoa soketi ya swichi ya feni, feni inatakiwa ianze yenyewe palepale (weka mikono mbali). Ikianza, basi mota, fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni) ni vizima, tatizo liko kwenye swichi. Isipoanza kagua fyuzi, afu badilishana rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi, bado haijaanza ndo uhukumu mota, mara nyingi ni kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha. Usiichanganye hiyo swichi na sensa ya temperecha inayopeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari, hiyo ni nyingine. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni kama mafundi walilitupa, litafute Ilala, Dar, kwenye spea za mtumba ulirudishe, bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta.

Rejeta nayo ioshe kwa nje. Mapezi yake yanajaa vumbi na wadudu na kondensa ya AC iko mbele yake kwa hiyo uchafu unakaa katikati huwezi kuuona. Tumia mpira wa maji wa kawaida, piga kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiisogeze karibu maana inalaza mapezi yote.

Sasa themostati yenyewe. Injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto fulani. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaona bado baridi inaendelea kuongeza petroli, na oili haipati joto la kukausha unyevu kwa hiyo inageuka tope taratibu. Joto la Dar halibadilishi hili, nyuzi 32 za nje ni baridi sana kwa injini inayotaka 80 na kitu. Ni kweli themostati ikikwama imefunga inachemsha gari, lakini dawa yake ni kuweka nyingine nzima.

Kuipima, mwaga maji kwanza, fuata hosipaipu ya chini ya rejeta mpaka inapoingia kwenye injini, fungua nati za kava linaloifunika utaikuta ndani. Angalia namba iliyogongwa juu yake, zetu nyingi ni 82. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni, na kama una kipimajoto kitumbukize. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na hiyo namba na maji yakichemka iwe imefunguka vizuri kabisa, ukiitoa ikapoa ijifunge yote. Ikifunguka nusu au isipojifunga, nunua nyingine yenye namba ileile na raba yake mpya. Wakati wa kurudisha kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndo hewa inapopitia.

Na maji. Jamani maji ya kisima ya huku pwani yana chumvi, hata chai hayafai, unayaweka kwenye injini? Yanakula aluminiamu, yanafanya kutu kwenye bloki na magamba ndani ya rejeta mpaka njia zinaziba. Weka kulanti. Watu wanasema kulanti ni ya nchi za barafu, hapana, ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Soma galoni, kama imeandikwa tayari kutumika mimina hivyohivyo, kama ni nzito changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), yale tunayoita maji ya betri, na angalia vizuri usije ukapewa asidi. 5A inachukua kama lita 5 hadi 6.

Kubadilisha: weka beseni, fungua kizibo cha plastiki chini ya rejeta taratibu maana kimezeeka, fungua na mfuniko wa juu, acha yote yatoke. Jaza maji safi, weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini mpaka ipate moto, zima, subiri ipoe kabisa, mwaga. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe, ya kwangu ilifika mara 4 maana mwanzo yalitoka kama ya mto Ruvu wakati wa masika. Raundi ya mwisho iwe maji ya betri. Afu mimina kulanti polepole, hita bado iko wazi, ukiwa na sehemu yenye mwinuko elekeza pua ya gari juu. Washa ikiwa mfuniko haujafungwa, minyaminya hosipaipu, utaona mapovu yanatoka na kiwango kinashuka, ongeza. Kikishatulia na mapovu yameisha funga mfuniko, acha mpaka feni iwake na kuzima mara 2. Kesho yake asubuhi fungua tena utaona imepungua kidogo, jaza. Hewa ikibaki ndani gari itachemsha na utalaumu kila kitu.

Kulanti ya zamani usimwage uani. Ni tamu, mbwa na paka wanailamba, mtoto pia anaweza kuinywa, na ni sumu inayoua. Weka kwenye dumu lenye mfuniko, andika juu, peleka gereji wanakokusanya oili chafu.

Ukiwa barabarani mshale ukaanza kupanda, zima AC, fungua hita na feni yake mpaka mwisho, shusha vioo, utaungua lakini ile hita ni rejeta ndogo inasaidia kweli. Ikifika kwenye nyekundu tafuta pembeni salama, zima, fungua boneti ukae mbali. Nusu saa haitoshi mara nyingi. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi inapasuka. Ikishapoa ndo ufungue mfuniko, washa injini iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, ongeza maji kidogokidogo.

Umefanya yote hayo na bado inachemsha? Angalia chini ya mfuniko wa oili kama kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa. Washa injini ya baridi rejeta ikiwa wazi, kama mapovu yanakuja mfululizo hayaishi, au hosipaipu ya juu inakuwa ngumu ndani ya dakika moja mbili na injini bado ya baridi, au moshi mweupe wenye harufu tamu unatoka hata gari ikishapata moto, basi ni gasketi. Usiitembeze tena. Hapo unamwita fundi, lakini mwambie kabla hajashika spana kwamba hedi ikishuka inaenda kwenye mashine kupimwa kama imepinda, haiwekwi gasketi mpya juu ya hedi isiyopimwa, na ifungwe kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa hatua kuanzia katikati kwenda nje. Nenda nayo wewe mwenyewe mpaka kwenye mashine, simama pale waweke rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) uone kwa macho yako.