Jaribio linakatika sekunde ya 30: ni kikomo kipi cha muda kimelikata?

Juzi kijana mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, aliniletea laptopu. Skripti zake za Playwright (zana ya kujaribu tovuti kiotomatiki ndani ya kivinjari) zilikuwa zinapita vizuri kwake, zikifika kwenye seva zinakatika. Alishaongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 60, na bado zinakufa kwenye 30. Mimi hapo niliwahi kukesha, kwa hivyo nikavuta kiti.

Hatua ya 1: Weka Playwright. Hiyo unaijua.

Hatua ya 2: Soma kosa lenyewe, usikimbilie kuongeza namba. "Test timeout of 30000ms exceeded" ni saa, yaani kikomo cha muda, ya jaribio zima. Ukiona 5000ms, mara nyingi ni `expect`, amri inayohakiki kama ukurasa una kile unachokitarajia.

Hatua ya 3: Jua saa ipi imo ndani ya ipi. Jaribio lina sekunde 30 usipobadilisha kitu. Ndani yake, kila `expect` ina 5. Kubonyeza kitufe au kujaza fomu hakuna kikomo chake. Kunangoja tu mpaka jaribio lenyewe life. Sasa ukiipa `expect` sekunde 60 na jaribio limebaki na 30, hizo zaidi hutazipata kamwe.

Kilichonifanya nikeshe mimi ni `beforeEach`, kazi inayotangulia kila jaribio: nayo inakula sekunde zile zile 30. Kijana alikuwa anaingia kwenye akaunti humo kila mara. Tulipopima kwenye seva, kuingia peke yake kulichukua 22. Jaribio likaachiwa 8, halafu linalaumiwa! (`beforeAll`, inayotangulia majaribio yote kwa pamoja, ina saa yake, usizichanganye.) Tukaingia mara moja, tukahifadhi hali hiyo ya kuingia kwa `storageState` ili majaribio yote yaitumie, yakaisha.

Kama jaribio ni zito kweli, andika `test.slow()`: 30 zinakuwa 90. Kwa jaribio hilo tu, tafadhali. Wanaopandisha kikomo cha mradi mzima wanaficha ugonjwa. Na `waitForTimeout`, inayongoja tu muda uliopangwa, ifute kila unapoikuta, sina mjadala hapo.

Ukiwa bado kwenye Selenium, zana nyingine ya kazi hii, pole. Angalau usichanganye kusubiri kwa jumla (implicit wait) na kusubiri kwa sharti (explicit wait). Muda utakaongoja hautabiriki.

Hatua ya 4: GitHub Actions, huduma inayoendesha majaribio kwenye seva, huiachia kazi iliyokwama dakika 360 kabla ya kuikata, na kwenye hazina ya msimbo ya faragha (private repo) dakika hizo unahesabiwa. Weka `timeout-minutes: 15`.