Dawa ya kupungua? Ngoja nishike futi

Mimi fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Viuno vya watu ndiyo kazi yangu, na kila shoga anayeleta kitambaa cha harusi ana dawa yake ya kupungua.

Sanamaki, yale majani ya kuharisha, ilishaniponza. Nilikunywa siku 4, nikashinda chooni, mizani ikashuka kilo 2. Nikapitisha futi kiunoni: inchi 38, zilezile. Yaliyotoka yalikuwa maji. Nilipoanza kula na kunywa vizuri, kilo zangu zilirudi zote kabla ya Ijumaa.

Basi ukipewa ushauri, uliza kwanza: kilo ngapi, kwa muda gani? Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, msikilize. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, sasa hizo "kilo 10 kwa wiki" zitatokea wapi? Halafu tazama mkoba wake. Kama pakiti za majani zimo humo, huyo yuko dukani, hakushauri.

Tazama na hali yako. Jirani yangu anachoma insulini. Akishinda na maji ya ndimu matupu, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Yeye aanzie kwa daktari.

Ushauri ulionifaa nilipewa na muuza samaki, bure: pima mafuta kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na mimi nilikuwa namimina tu sufuriani! Miezi 3 baadaye, gauni langu la Idi nimelipunguza inchi 2.