Kibao cha Sanamu ya Askari: mimi ningekitengeneza hivi

Mimi ni fundi mabango, nipo Kariakoo. Kazi yangu ni maduka na saluni. Juzi mwanangu kaniuliza, "Baba, yule askari wa Posta alipigana na nani?" Nikapata kigugumizi. Tangu hapo nakiwaza kibao cha kueleza habari za askari huyo, yaani ile sanamu ya kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyo katikati ya jiji la Dar es Salaam.

Ukiwa na wazo kama hilo, anza na kibali: Idara ya Mambo ya Kale, kisha halmashauri. Msingi wa sanamu usiutoboe hata tundu moja.

Kibao kisiwe ndani ya mzunguko. Utawavusha wanafunzi katikati ya magari kwa sababu ya aya mbili! Kiweke kando ya njia ya waenda kwa miguu, askari akionekana nyuma yake, tena kilale kidogo ili hata mtoto asome.

Kazi yenyewe ipo kwenye maneno. Maandishi yaliyowekwa sanamu ilipozinduliwa mwaka 1927 yapo tayari, usiyarudie. Andika yasiyokuwepo. Kabla ya vita, Wajerumani walisimamisha hapa Dar sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Waingereza wakaing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Waafrika walipigana pande zote mbili, na huyu aliyeelekeza singe bandarini ni wa upande wa Waingereza. Halafu wapagazi. Maandishi ya pale yanawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyepandishwa juu ni mwenye bunduki. Mimi ningewapa nusu ya kibao, na mchoro wa mtu kajitwika mzigo. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi chao hao. Kila siku tunalitaja tukiuza vitenge.

Maneno yasizidi mia. Yasome kwa sauti kijiweni. Wakianza kuchungulia simu, punguza.

Stika ikipigwa jua la Dar hupauka, nyekundu ikitangulia. Chuma cha kawaida huliwa na hewa ya chumvi. Chonga herufi kwenye bati nene la alumini, uzijaze rangi nyeusi, na boliti uzichomelee vichwa, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawasomi historia.

Kabla ya kuchonga, chapa karatasi ya ukubwa uleule, ibandike ukutani wiki nzima, kila apitaye aikosoe. Mimi nimewahi kuandika "Saluni ya Kiumme" kwa herufi za futi moja, na mwenye saluni ndiye aliyeniambia.