Namna ya kusoma nadhiri za wanawake wa Ugiriki ya kale bila kulisemea jiwe

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekwama kwenye orodha za nguo za Brauron, yaani nguo ambazo wanawake walimtolea mungu wa kike Artemis katika hekalu lake la Brauron, karibu na Athens, zikaorodheshwa kwenye mawe. Nachukulia kwamba alfabeti ya Kigiriki unaijua na kamusi unayo.

Hatua ya 1: Anza na fupi. Akropoli ya Athens kuna maandishi ya Smikythe, dobi, aliyetoa fungu la kumi. Jina, kazi, sadaka, kitenzi, basi. Kisha nenda kwa Nikandre wa Naxos, sanamu ya marumaru ya karibu 650 KK iliyopatikana Delos. Mishororo yake mitatu ya ushairi imechongwa ubavuni mwa vazi, mstari mmoja ukienda na mwingine ukirudi, na anayesema ni sanamu yenyewe: Nikandre aliniweka wakfu. Anamtaja baba, kaka na mume. Artemis ndiye mpokeaji.

Hatua ya 2: Pata matini. Hazina ya mtandaoni ya maandishi ya Kigiriki iitwayo PHI ni ya bure. Tafuta IG II² 1514, yaani jiwe namba 1514 katika Inscriptiones Graecae, mkusanyiko mkuu wa maandishi ya mawe ya Kigiriki. Ichape kwenye karatasi. Kwenye simu mabano hupotea machoni.

Hatua ya 3: Mabano. Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima, kwa hiyo twende polepole. Kwa kanuni za Leiden za 1931, ambazo wahariri wa maandishi ya kale hufuata katika kutumia alama, mabano ya mraba yanamaanisha herufi zilizomo hazipo tena kwenye jiwe. Mhariri ndiye aliyezijaza. Nukta chini ya herufi: kuna mabaki, lakini yangeweza kuwa ya herufi nyingine. Mabano ya duara hukamilisha kifupisho. Nukta zenyewe ndani ya mabano ya mraba huhesabu herufi zilizopotea. Vistari maana yake idadi haijulikani.

Tahadhari ya kwanza: matoleo ya kabla ya 1931 yana desturi zake, na juzuu la orodha hizi ni mojawapo. Soma ukurasa wa alama kwanza, hata kama unaona uvivu.

Tahadhari ya pili ndiyo kubwa. Si kila kilichojazwa ni cha kubahatisha. Mawe 1514, 1515 na 1516 yanarudia sehemu ya orodha ileile, hivyo pengo la jiwe moja mara nyingi limejazwa kutoka kwa mwenzake. Yaweke matatu sambamba, upake rangi maneno yaliyopo kweli kwenye jiwe lolote kati yao. Kilichobaki bila rangi ni cha mhariri peke yake. Usijenge hoja juu yake, na usiamini tafsiri yoyote iliyofuta mabano. Mimi tafsiri za namna hiyo siziazimi hata kwa dakika tano.

Hatua ya 4: Gawa orodha. Jina la mwanamke, kisha vazi, kisha maelezo. Pheidylla: himationi (vazi la kujifunika la nje) nyeupe ya kike, kwenye sanduku. Kallippe: kanzu fupi yenye nakshi pande zote, na mwandishi anaongeza kuwa ina herufi zilizofumwa ndani. Si kama kanga, ambayo maneno yake hupigwa chapa. Hapa mfumaji aliandika kwa uzi. Nguo nyingine zimeandikwa kuwa matambara, nyingine kwamba zimevishwa sanamu ya mungu.

Hatua ya 5: Sababu. Chora jedwali la safu nne: jina, vazi, hali, sababu. Ya nne itakusumbua. Euripides, mtunzi wa tamthilia, anasema Iphigenia, binti wa hadithi za kale aliyekuwa kuhani wa Artemis, angewekewa Brauron nguo za wanawake waliofia uzazini, na wengi hukimbilia kuibandika kauli hiyo kwa kila jina. Wengine wakiona nguo ya mtoto huipeleka moja kwa moja kwenye ibada ya Artemis ya hapo Brauron, ambamo wasichana waliigiza dubu. Orodha hizi, za katikati ya karne ya 4 KK, ni hesabu ya mali ya hekalu: zinataja nani na nini. Kwa hiyo chini ya Kallippe, safu ya nne, andika "haikutajwa", uendelee na jina linalofuata.