Kazi ya kwanza ya uhasibu: kabla hujataja mshahara, piga hesabu ya makato

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, hili lilinikuta mimi. Intavyuu ya kwanza, ofisi moja pale Posta, dada wa HR akaniuliza unategemea mshahara kiasi gani, na mimi kwa kiherehere nikajibu "chochote tu dada, nataka ekspiriensi". Akaandika kitu kwenye karatasi, akatabasamu. Ofa ilivyokuja niliona aibu hata kumwonyesha mama.

Sasa anza na hela inayofika mkononi. Chukua laki nane, zote ziwe mshahara wa msingi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanaondoka na 10%, hiyo 80,000. Inabaki 720,000 na hiyo ndo inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kwa viwango vya Tanzania Bara ni 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo nao wanabeba 15% ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Umebaki na 540,000 na daladala hujapanda bado. Haya, tuseme umebembeleza wakakuongeza laki moja, ikawa 900,000: ukikata vyote hivyo unapata 594,500, kwa hiyo kwenye ile laki wewe umeambulia 54,500 tu. Ndo maana mtu akikwambia "tunatoa laki nane" muulize papo hapo, kabla ya makato au baada, na hiyo ni basic au mmechanganya na posho? Hawakasiriki, wenyewe ni watu wa hesabu.

Serikalini usijisumbue, ukipita Ajira Portal, mtandao wa kuomba kazi za serikali, unaingia na ngazi ya mshahara ya TGS ilivyopangwa, huna la kuongea. Mabenki makubwa wakichukua magradueti kwa mkupuo mara nyingi wote mnalipwa sawa. Kwenye ofisi ndogo za ukaguzi, saccos, makampuni ya biashara, huko ndo kuna nafasi ya kuongea.

Unaongeaje? Ngoja ofa kwanza, usiwahi kutaja wewe. Ikija sema hivi: "Asante sana dada, ofa nimeipokea vizuri. Kwa kazi mlizonieleza, PAYE iende kabla ya tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, na kufunga hesabu za mwezi, naomba tufike 950,000." Halafu nyamaza. Hapo ndo pagumu kuliko pote, mdomo utakuwasha useme "ila hata hiyo sio mbaya", ufunge kabisa. Mambo ya kodi ya nyumba na wadogo zako wanaosoma usiyaingize, kila mtu ana shida zake.

Wakigoma kabisa kuongeza, omba vitu vingine: walipe ada ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, wakupe ruhusa siku za mtihani, bima ya afya, na mshahara uangaliwe upya ukimaliza probesheni. Mimi hiyo ada ningeichukua kabla ya nyongeza ya elfu hamsini, maana CPA, cheti cha uhasibu unachopata kwa mitihani hiyo, ndo itakutoa hapo ulipo.

Na yote yaandikwe. Mshkaji wangu alikubaliwa 850,000 kwenye simu, mkataba ukaja na 700,000, kuuliza anaambiwa nyingine utapewa ukithibitishwa kazini. Hakusaini, akawaandikia imeili ya mistari mitatu kukumbusha walichoongea na siku yenyewe, baada ya siku mbili mkataba mwingine ukaja umerekebishwa, hata simu hawakumpigia.