Somo: Kutoa picha kwa negativu za zamani bila mashine ya kukuza

Watu wengi hapa Kisumu wako na bahasha ya negativu za wazee kwa sanduku na wanaona ni takataka. Tafadhali usitupe hata moja, picha ya karatasi ikiharibika hiyo negativu ndiyo imebaki na sura ya mtu wenu. Na nyingi za studio za zamani ni filamu ya 120, za mraba, sentimita 6 kwa 6, basi unailaza tu juu ya karatasi ya picha za nyeusi na nyeupe, unamulika na taa ya kawaida, inatoka saizi ileile.

Bafu usiku inatosha, ziba chini ya mlango na blanketi. Taa nyekundu peke yake, lakini si kila balbu nyekundu ni salama: weka sarafu juu ya kipande cha karatasi dakika 5, kisafishe (yaani kipitishe kwa dawa), ukiona alama ya sarafu balbu hiyo haifai. Panga beseni tatu, divelopa (dawa ya kutoa picha), siki nyeupe iliyozimuliwa ya kuisimamisha, fiksa (dawa ya kufanya picha idumu), alafu maji. Beseni hizo zisirudi jikoni tena.

Sasa negativu. Upande usiong'aa ndio wenye picha, huo uangalie chini ukutane na upande wa dawa wa karatasi, juu weka kioo kizito kisafi.

Muda wa kumulika usikisie. Funika karatasi na kadibodi ukiacha ukanda mmoja, mulika sekunde 2, sogeza kadibodi, tena 2, hadi mwisho, ukisafisha utaona mistari kutoka mweusi hadi mweupe. Chagua kwa kuangalia uso wa mtu, si nguo wala pazia la studio, kwa sababu ngozi nyeusi kwa negativu inakuwa nyepesi, mwanga unapita haraka, ukizidisha kidogo macho na mikunjo ya nyanya yako imeenda.

Karatasi ya picha iliyopakwa plastiki (RC) ikae kwa divelopa dakika 1 hadi moja na nusu, usiitoe mapema ati imeshaiva, siki sekunde 15, fiksa dakika 2, ndio uwashe taa ya kawaida. Maji dakika 5.

MASWALI

Wa Kondele: Mwalimu, yangu imetoka kushoto kulia, na ina ukungu?
– Dada, uliweka upande unaong'aa chini. Geuza, yote mawili yataisha.

Wa Nyalenda: Dawa inataka digrii 20 na maji yetu ni ya moto, nifanyeje?
– Tia beseni ya divelopa ndani ya karai la maji ya barafu, pima na kipimajoto. Ikiwa moto inakimbia na huwezi kuidhibiti.

Wa Kakamega: Negativu zangu ni za rangi ya chungwa.
– Hizo ni za picha za rangi ndugu. Hiyo chungwa inazuia mwanga wa buluu na kijani, na ndio karatasi hii inaona, utamulika muda mrefu na bado picha itafifia. Hizo peleka zikaskaniwe.

Wa Nakuru: Picha za mwezi uliopita zinageuka njano.
– Fiksa ilikuwa imechoka au hukuosha vizuri. Tengeneza fiksa mpya, zirudishe ndani, uoshe tena, kama doa halijaingia sana picha itakaa. Na negativu yenyewe irudi kwa bahasha ya karatasi pahali pakavu, ikunje hapana.